Nyumbani unafanyia kazi wapi? Historia ya biro ya nyumba, toka baraza ya Kasongo mpaka mbao za Goma

Mtu akimwita fundi amchoree nyumba, maulizo huwa ni yale yale. Vyumba vya kulala ni vingapi? Saloni itazame wapi? Jiko liwe ndani ao nje? Choo kikae pembe gani ya parsele? Ulizo moja hukosekana mara nyingi: mwenye nyumba atafanyia kazi wapi?

Ulizo hilo lina uzito kwa wakati huu. Katika Goma na pembeni yake kuna familia zinazojenga upya, na kuna zinazoongeza chumba kwa ajili ya ndugu waliohama. Wengine walirudi katika vijiji vya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo wakati kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo zilipoondolewa mwanzo wa 2025. Benki za mji nazo zilifunga milango mwanzo wa mwaka ule ule. Mwalimu anayesahihisha daftari, mama mshonaji, kijana wa kabini ya unite, mwandishi wa likelemba, wote kazi yao imeingia nyumbani. Lakini inafanyika juu ya kitanda, ao kwenye meza ambayo ni lazima iachwe saa ya chakula.

Wengi wanafikiri biro ya nyumbani ni jambo la wenye feza, wale wa majumba ya kando ya ziwa. Ukifuata historia ya nyumba zetu, unaona kwamba kazi na nyumba vilikaa pamoja tangu zamani. Ni mipango ya watu wengine ndiyo iliyovitenganisha, na sisi tukaendelea kuchora nyumba kama walivyotuchorea.

Baraza ya Kasongo na Nyangwe

Katika karne ya 19, wafanyabiashara toka Zanzibar na pwani walifika mpaka mto Lualaba. Nyangwe na Kasongo, katika Maniema ya leo, zikawa miji yao mikubwa. Aliyejulikana kuliko wote ni Hamed bin Muhammed, tunayemwita Tippu Tip. Walileta lugha hii tunayoitumia redioni, mchele, na pia namna yao ya kujenga: nyumba ya pembe nne, na mbele yake baraza, mahali pa kukaa chini ya paa.

Baraza ilikuwa na kazi yake. Mgeni alipokelewa hapo, bei ikapatanwa, barua ikasomwa, kesi ikasikilizwa. Ndani ilikuwa ya familia. Mtu aliweza kufanya biashara siku nzima nyumbani kwake bila mgeni kupita mbele ya vitanda vya watoto. Nyumba ilikuwa na sehemu mbili, na kila mtu alijua mpaka.

Tusipambe historia hiyo. Biashara iliyozungumzwa kwenye baraza zile ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu pia. Mwezi wa Julai 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, akaona kwa macho yake watu wa sokoni, wengi wao wanawake, wakiuawa kwa bunduki za watu wa wafanyabiashara hao. Mwaka 1893 askari wa Leopold II waliikamata Nyangwe na Kasongo, na utawala ule ukaanguka. Baraza lakini ilibaki katika nyumba za Maniema, na ikasambaa pamoja na Kiswahili.

Wakoloni walichukua neno, wakatenga kazi

Wabelgiji walilipenda neno hilo. Katika Kifaransa cha Congo veranda iliitwa "barza", na mpaka leo wazee wa Bukavu na Goma wanasema hivyo. Mwanzoni ofisa mzungu naye alifanyia kazi nyumbani. Katika posta ndogo ya msituni nyumba yake ilikuwa pia biro, na barza ndipo machifu walipongoja.

Miji ilipokua, mambo yaligawanywa. Biro za serikali na za makampuni zikakaa katikati ya mji. Wazungu wakawa na kartie zao, Waafrika wakawekwa katika cité. Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, iliyoanzishwa mwaka 1910, waliacha hata ukanda mtupu kati ya mji wa wazungu na cité ya weusi. Katika mpango wa namna hiyo, nyumba ya Mwafrika ilikuwa mahali pa kulala ili kesho aende kazini kwa bwana. Nani angemchorea biro?

Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi karibu na migodi yake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwakalisha wanaume pamoja na wake na watoto wao, kwa sababu iliona kwamba mfanyakazi mwenye familia karibu anadumu kazini. Nyumba ile ilikuwa ya kampuni. Ukipoteza kazi, unapoteza na paa.

Mwaka 1952 iliundwa Office des Cités Africaines, iliyojenga mitaa mipya katika miji mikubwa. Matete na Bandalungwa za Kinshasa, na Ngagara ya Bujumbura, ni kazi yake. Zilikuwa nyumba imara, na nyingi zinasimama hata leo. Angalia tu namna zilivyochorwa: saloni, vyumba vya kulala, jiko, choo. Fundi wengi wa leo wanafuata mchoro huo huo bila kujua ulitoka wapi.

Meza ya evolue

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na Wacongomani waliosoma, makarani, wauguzi na walimu, walioitwa evolue. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha karte ya heshima ya kiraia, na mwaka 1952 ikaongeza hatua ya juu zaidi iliyoitwa "immatriculation". Ili kuipata hatua hiyo, ulichunguzwa. Wachunguzi walikuja nyumbani, wakaangalia vyumba, vyombo vya kulia, vitanda, usafi, na namna mume na mke wanavyoishi.

Ni katika nyumba hizo tunaona meza ya kuandikia ikiingia kama kitu cha heshima. Gazeti la La Voix du Congolais, lililoanza Kinshasa mwaka 1945 likiongozwa na Antoine-Roger Bolamba, lilipata makala toka kwa watu wa namna hiyo. Mmoja wao alikuwa karani wa posta ya Stanleyville, Kisangani ya leo, aitwaye Patrice Lumumba. Mchana alikuwa kazini posta. Saa zilizobaki aliandikia magazeti na kuongoza vyama vya wafanyakazi na vya wasomi. Kazi iliyomjulisha kwa watu ilifanyika nje ya saa za bwana. Alipata immatriculation mwaka 1954.

Hapa kuna jambo la kukumbuka. Neno "bureau" la Kifaransa lilianza kama jina la kitambaa kizito kilichotandikwa juu ya meza ya kuandikia. Kisha likaitwa meza yenyewe, kisha chumba, kisha idara nzima ya serikali. Biro ilianzia kwenye meza, na hata kwako inaweza kuanzia hapo.

Nyumba inapokuwa karatasi

Baada ya uhuru wa 30 Juni 1960, sheria ilibadilisha maana ya parsele. Sheria ya Bakajika ya 1966, kisha sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, zilisema kwamba udongo ni mali ya Serikali. Raia anapata haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha kuandikisha, "certificat d'enregistrement".

Tangu hapo kila familia ya mjini inahitaji mahali pa makaratasi. Cheti cha parsele, karatasi za kununua zenye sahihi za mashahidi, risiti za kodi, diploma, vyeti vya kuzaliwa vya watoto: mara nyingi vyote vinalala katika sanduku moja chini ya kitanda, pamoja na vitenge vya sikukuu. Siku ya kukimbia, aliye nyumbani ndiye anayejua sanduku liko wapi. Kama ni mtoto peke yake, hakuna anayejua. Na vijijini Masisi ao Rutshuru, ambapo mashamba mengi yanashikwa kwa desturi, karatasi moja ya chifu inaweza kuwa shahidi pekee aliyebaki wakati wazee wametawanyika.

Miaka mishahara ilipokauka

Katika miaka ya 1980 na zaidi ya 1990, mshahara wa Serikali ulikosa maana. Watu waliishi kwa kile walichokiita kwa mzaha "article 15": jitafutie. Uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993 uliharibu maduka na viwanda katika miji mingi ya Zaire. Kazi ikarudi nyumbani, lakini nyumba zilikuwa zile zile zisizokuwa na nafasi yake. Chumba cha mbele kikawa butiki, aneksi ikawa depo ya unga, barza ikawa saluni ya nywele.

Wenye umri wanakumbuka foni, zile redio za kuongea kwa masafa mafupi. Mbele ya simu za mkononi, foni ndiyo iliyounganisha Goma, Bukavu, Kindu, Walikale na viwanja vidogo vya ndege. Mara nyingi ilikuwa chumba kimoja: meza, betri ya gari, waya uliovutwa kati ya miti miwili, daftari ya majina, na benchi nje kwa wanaongoja. Ukichunguza chumba kile unaona kila kitu ambacho biro ya nyumbani inahitaji: umeme wake, mahali pa kuandika, mlango wa mgeni, na siri kidogo kwa anayeongea.

Mwaka 2020, Korona ilipofika na hali ya dharura kutangazwa tarehe 24 Machi, wakubwa walisema watu wafanyie kazi nyumbani. Kwa wengi wa miji yetu hilo halikuwa jambo jipya. Kilichokosekana ni chumba.

Mama naye anakaa wapi?

Wakati wa ukoloni, serikali na misioni walifungua vituo vilivyoitwa "foyer social", ambapo wanawake walifundishwa kupika, kulea na kushona. Lengo lilikuwa kumfanya mke mzuri wa evolue. Lakini mashini ya kushona ilipofika nyumbani, ikawa kazi yenye kuleta feza, ingawa hakuna mchoro wa nyumba uliompa mshonaji nafasi.

Sheria nayo ilimfunga. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe mbele ya kufanya tendo la kisheria linalomhusu yeye mwenyewe, kama kufungua biashara ao kutia sahihi mkataba. Sheria ya Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanapatana. Miaka mingi imepita, lakini angalia nyumba zinazojengwa. Baba akiwa na kompyuta, anatengewa pembe. Mama mwenye mashini, daftari ya likelemba na wateja kumi kwa siku anafanyia kazi koridoni. Familia inayochora nyumba leo iulize kwanza ni nani ndani yake anayeleta posho kila siku, kisha impe chumba.

Jiwe la moto na nyumba za mbao

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni. Moto wa volkano uliingia mjini, ukapita katikati ya maduka, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuharibu kanisa kuu la Saint-Joseph. Watu karibu 120,000 walikosa makao. Mipaka ya parsele nyingi ilizikwa chini ya jiwe jeusi. Watu walirudi mbele hata jiwe halijapoa vizuri, wakajenga juu yake.

Wengi walijenga kwa mbao. Mbao hazihitaji msingi wa kina katika jiwe gumu, zinasimama haraka, na siku ya taabu zinaweza kubomolewa na kubebwa. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilitoka tena. Moto ulisimama Buhene, karibu kabisa na mji, baada ya kumeza maelfu ya nyumba. Siku tano baadaye kartie nyingi za Goma ziliamriwa kuhama, na watu wakaenda Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Aliyekuwa ameweka makaratasi na vifaa vya kazi pamoja alibeba kazi yake njiani. Aliyeviacha vimetawanyika nyumbani aliondoka na godoro tu.

Ukichora leo

Historia hii inatuachia mafundisho ambayo hayahitaji jumba kubwa.

Kwanza, rudi kwenye akili ya baraza. Chumba cha kazi kikae mbele, kikiwa na mlango wake unaotoka kwenye barza. Mteja asipite saloni. Meta mbili na nusu kwa tatu zinatosha meza, viti viwili na kabati.

Pili, fikiria mwangaza. Tuko karibu sana na ikweta: jua linatoka mashariki na kushuka magharibi mwaka mzima. Dirisha la upande wa kaskazini ao kusini linaleta mwangaza mtulivu siku nzima. La magharibi litakuchoma macho toka saa tisa za mchana.

Tatu, kumbuka mvua juu ya mabati. Sisi tunaorekodi sauti tunajua: mvua ikianza, hakuna mazungumzo. Plafon, hata ya mbao nyembamba ao ya mikeka, inapunguza kelele na joto. Kama feza ni kidogo, weka plafon katika chumba hicho kimoja kwanza.

Nne, usichimbe biro chini ya usawa wa udongo. Magharibi ya Goma, upande wa Bulengo na kuelekea Sake, kuna mazuku, hewa ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya katika mashimo na vyumba vya chini, na inaua bila harufu. Uliza wenyeji mbele ya kuchagua mahali. Na jiko la makala lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi.

Tano, bomba za waya zipite ukutani mbele ya kupiga plasta. Weka prizi mbili juu ya meza, na njia ya waya wa sahani ya jua hata kama sahani utanunua mwaka ujao. Kupasua ukuta baadaye kuna garama mara mbili.

Sita, makaratasi yakae pahali pamoja, juu, mbali na maji ya sakafuni, ndani ya mfuko usiopitisha mvua. Piga picha kila karatasi na simu, umtumie ndugu anayekaa mji mwingine. Wote wa nyumbani, hata mtoto wa miaka kumi, wajue mfuko uko wapi.

Saba, kwa wanaojenga kwa mbao: ukuta wa biro ufungwe kwa skrubu pahali pa misumari. Leo ni chumba cha kazi. Kesho ndugu wakifika toka vitani, unaufungua na wanapata mahali pa kulala, kisha unaurudisha.

Kwa ndugu ambao bado hawana nyumba, wanaokaa kwa wenyeji ao chini ya turubai, maneno ya parsele na plafon yanaweza kuonekana ya mbali. Lakini mwanzo wa biro ni meza. Sanduku moja lenye kifuniko kigumu linaweka daftari, makaratasi, mkasi ao simu ya kazi, na kifuniko chake ni meza. Patana na wenye nyumba juu ya pembe moja na saa maalum ambazo hakuna anayeigusa. Fundi wengi waliorudi kusimama baada ya 2002 walianza hivyo, kwa benchi moja juu ya jiwe ambalo bado lilikuwa na moto chini.

Na kwa wale ambao fundi anakuja kesho na kamba zake za kupima: mbele hajachimba msingi, keti na familia yote, mama akiwemo, mwonyeshane mahali pa kazi, kisha pachorwe kwenye karatasi. Tuko pamoja.